Ulijazwa Maneno Dhidi ya Mzazi Wako Ukiwa Mtoto: Hatua za Kupitia Ukiwa Mtu Mzima

Simu inalia. Upande wa pili ni baba. Mama amesimama hatua mbili kutoka ulipo, anakunja nguo ambazo zilishakunjwa. Unajibu "ndiyo", "hapana", "sijui", na kila jibu likitoka jicho lako linakimbilia kwa mama kuona limepokelewaje. Ukishakata anakuuliza kwa upole kabisa, "Alikuwa anataka nini?" Ulikuwa na miaka 8. Leo una miaka 35, na ukiulizwa swali kikaoni kazini bado macho yako yanatafuta uso wa mtu wa kukuambia jibu sahihi ni lipi.

Naandika kwa ajili ya watu wa aina hiyo, waliofundishwa utotoni na mzazi mmoja kumchukia mwingine, na mimi ni mmoja wao. Huenda kwako ilikuwa kinyume: baba ndiye aliyekulea na mama ndiye aliyechafuliwa jina. Wapo pia mabibi, mashangazi na wazazi wa kambo waliofanya kazi hiyohiyo. Hatua ni zilezile. Ila nikuombe jambo moja kabla hatujaanza: usizitumie kuhamisha chuki kutoka kwa mzazi mmoja kwenda kwa mwingine. Nimeona watu wakifanya hivyo, na baada ya miaka miwili wapo palepale, wamebadilisha tu jina la mkosaji. Kinachotafutwa ni kumtazama kila mzazi kwa macho yako mwenyewe.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza kama ulijazwa maneno kweli

Mwaka 1985 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Richard Gardner, alilipa jambo hili la mtoto kujazwa chuki dhidi ya mzazi jina la Kiingereza, "parental alienation syndrome", na kulihesabu kama ugonjwa wa mtoto. Ubishi ulioanzia hapo haujaisha. Jina hilo halimo katika mwongozo wa magonjwa ya akili uliotolewa Marekani mwaka 2013, na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliondoa neno "parental alienation" kwenye faharasa ya orodha yake ya kimataifa ya magonjwa. Mwaka 2023 Reem Alsalem, mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili dhidi ya wanawake na wasichana, alionya kwamba hoja hii hutumiwa mahakamani na wazazi wakatili kuwanyamazisha akina mama na watoto wanaolalamika. Onyo hilo ni la haki, na linakuhusu hata wewe uliyekwisha kukua. Kabla hujasema "nilijazwa maneno", jiulize kama chuki yako ilikuwa na sababu yake.

Watafiti Joan Kelly na Janet Johnston waliliweka vizuri mwaka 2001. Yupo mtoto anayemkwepa mzazi kwa sababu alipigwa, alitelekezwa au alimshuhudia mzazi wake mwingine akipigwa. Huyo anajilinda. Na yupo mtoto anayemkataa mzazi kwa chuki isiyolingana kabisa na aliyoyapitia naye.

Ili ujue uko wapi, kaa na maswali haya. Kabla hawajaachana, ulikuwa unamkimbilia huyo mzazi akirudi nyumbani? Ulipokuwa ukimlaumu, maneno yalikuwa ya mtoto ("alinifokea") au ya mtu mzima ("hajawahi kutoa matumizi hata mwezi mmoja")? Uliwahi kumsifu mbele ya mzazi aliyekulea, na ikawaje? Na lile ninalolipa uzito kuliko yote: uliwachukia pia bibi, babu na binamu wa upande ule, watu ambao hawakukukosea lolote? Mara nyingi mtoto aliyepigwa na baba yake bado anampenda bibi mzaa baba. Aliyejazwa maneno huwafuta wote kwa mpigo.

Wengi tutajikuta katikati. Baba alikuwa mlevi kweli, halafu akaongezewa na makosa ambayo hakuyafanya. Hayo mawili yanaweza kusimama pamoja. Lakini kama alikupiga, alikudhalilisha kimwili, au bado ni hatari kwako leo, usiiguse hatua ya 6, ile ya kumtafuta, kabla hujazungumza na mtaalamu.

Hatua ya 2: Tafuta alama zilipojificha

Mwaka 2005 mtafiti wa Marekani Amy Baker alichapisha mahojiano na watu wazima 38 waliokulia katika hali hii. Yaliyojirudia ni kujidharau, sonona, pombe na dawa za kulevya, kutoamini watu, ndoa kuvunjika, na hata wao wenyewe kuja kutengwa na watoto wao. Watu 38 waliojitokeza kusimulia hawatoshi kukutabiria maisha yako, na talaka peke yake, hata ya amani, ina machungu yake. Nayataja ili usijione wa ajabu.

Kwangu muhimu zaidi ni kuelewa alama inavyoingia. Chukua kujidharau. Mtoto anajua, bila kufundishwa, kwamba ametoka kwa wote wawili. Akiambiwa asubuhi kwamba baba yake hafai kitu, na jioni akivunja glasi akaambiwa "umeanza kufanana na baba yako", hesabu inajifanya yenyewe kichwani. Hakuna aliyemwambia kwamba na yeye hafai. Amelijumlisha mwenyewe, na jibu analibeba miaka 30.

Halafu kuna kutojiamini katika hisia zako. Ulimkumbuka baba usiku, ukafundishwa kwamba humkumbuki. Uliburudika mwishoni mwa juma kwake, ukarudi ukasema ulichoka. Ukifanya hivyo kwa miaka, unafika ukubwani mtu anakuuliza "unataka nini?" na kweli hujui. Unangoja aseme yeye kwanza.

Ya tatu watu huiona kama uimara, nami niliichukulia hivyo kwa muda mrefu: kukata watu. Rafiki akikukosea mara moja, namba inafutwa, picha zinafutwa, hata jina halitajwi. Tulijifunza mapema kwamba mtu wa karibu anaweza kuondolewa maishani na maisha yakaendelea, tena ukasifiwa kwa kuyamudu. Ndani ya ndoa tabia hiyo inatisha. Ugomvi wa kawaida wa mume na mke unageuka swali la nani aondoke.

Usizishike alama zote kwa pamoja. Chagua moja, ifuatilie wiki mbili. Kila inapotokea andika mistari mitatu: kilichotokea, mwili ulihisi nini, na ulifanya nini. Basi. Usijirekebishe kwanza, itazame tu.

Hatua ya 3: Tenganisha ulichokiona na ulichoambiwa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa usiharakishe. Chukua daftari, gawa ukurasa safu tatu. Ya kwanza: nilichokiona au kukisikia mwenyewe. Ya pili: nilichoambiwa, na nani. Ya tatu: sijui.

Mfano. Wengi wetu tuna sentensi kama hii: "Baba alikataa kuja siku nilipotimiza miaka 10." Iweke mezani uipasue. Safu ya kwanza: nilikaa dirishani mpaka giza likaingia, hakuja. Safu ya pili: mama alisema amekataa, ana watoto wengine sasa. Safu ya tatu: je, aliambiwa siku na saa? Alikuja akaishia mlangoni? Alipiga simu? "Hakuja" ni la kwako, ulilishuhudia, na maumivu yake ni halali hata ikigundulika kwamba alizuiwa. "Alikataa" ni la mtu mwingine, nawe umelibeba kama lako.

Fanya hivyo kwa kumbukumbu moja kwa siku, si zaidi. Utashangaa safu ya pili inavyojaa. Na pengine utashangaa kinyume chake: kwamba baadhi ya mabaya ya yule mzazi uliyaona kweli, yako safu ya kwanza kabisa. Yaache hapo. Usiyafute kwa sababu sasa unamhurumia.

Kuna tahadhari. Mwaka 1995 watafiti Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell waliwapa watu 24 kisa cha uongo, kwamba utotoni waliwahi kupotea katika jengo la maduka. Karibu robo yao walifika mahali pa kuamini kwamba kilitokea, chote au sehemu yake. Kumbukumbu ya utotoni inapandikizika. Kwa hiyo kile "ninachokumbuka" kuhusu baba huenda kilisimuliwa mara nyingi mpaka kikapata sura na sauti. Vilevile, leo mtu akikusukuma ukumbuke mema ya baba, anaweza kukupandia mengine mapya. Safu ya tatu usiijaze kwa kubahatisha. Iache na maswali yake.

Baadhi ya maswali yana majibu kwenye vitu: bahasha zenye mihuri ya posta, picha zenye tarehe nyuma, stakabadhi za fedha zilizotumwa. Zipo pia karatasi za mahakama, zinazoonyesha kama kuliwahi kuwa na amri ya kuonana na watoto na nani aliiomba. Zisome ukiwa na mtu unayemwamini, na kumbuka kwamba hati ya madai huandikwa ili kushinda kesi. Tarehe ziamini. Sifa mbaya zilizomo zipime.

Hatua ya 4: Omboleza, halafu utue hatia

Mtaalamu wa familia Pauline Boss wa Marekani ameandika tangu miaka ya 1970 kuhusu msiba usio na mazishi: mtu yu hai lakini kwako hayupo. Hakuna tanga, hakuna aliyekuja kukupa pole, na mwenyewe uliambiwa hakuna cha kulilia. Kwa hiyo machozi yanayokuja ukiwa na miaka 40 usiyaonee haya. Yamechelewa tu.

Hatia ni nzito zaidi. Wengi wanakumbuka siku moja mahususi: "Nilimwambia usoni sitaki kukuona tena." Wanakumbuka na nguo aliyovaa. Ukiwa hapo, mtafute mtoto wa umri uliokuwa nao siku ile, wa ndugu au wa jirani, umtazame dakika kumi. Tazama anavyohangaika kufunga kamba za viatu, ulimi nje. Jiulize kama huyo angeweza kusikiliza pande mbili za ndoa ya watu wazima na kutoa hukumu ya haki. Nyumba iliyobaki ilikuwa moja, na kitanda chako kilikuwa humo. Ulimchagua aliyekuwa amekushika, kwa sababu usingemudu kuwapoteza wote wawili.

Ukiona usingizi umekuacha wiki nzima, huli, au wazo la kujiua limekupitia, weka daftari chini na mwambie mtu leo hii, nenda hospitali. Haya mengine yatakusubiri.

Hatua ya 5: Kuzungumza na mzazi aliyekulea

Usimkabili wiki ileile ulipogundua. Hasira ya mwanzo ina haki, lakini haina mpango.

Ujue pia kwamba huyu mara nyingi aliumizwa kweli. Aliachwa, akalea peke yake, akakesha na homa zako. Hilo linaeleza alivyofika pale, ingawa halifuti alichokufanyia. Ukitarajia akiri na kuomba msamaha, utagonga mwamba. Tegemea akane, alie, au aseme "baada ya yote niliyokufanyia". Mazungumzo haya yana shabaha ndogo: kumjulisha, na kuweka mpaka. Unaweza kusema hivi:

"Mama, nakushukuru kwa kunilea, sitalisahau. Nimeamua kumtafuta baba, na nimeona ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Sikuombi umpende. Naomba tu tukiwa pamoja tusimzungumzie."

Akianza kumsema, rudia sentensi ya mwisho kwa maneno yaleyale. Akiendelea, aga kwa adabu uondoke, ukirudi kesho kama kawaida. Anatakiwa aone kwamba mpaka upo na wewe pia upo. Usimpelekee habari za baba, hata nzuri. Na wadogo zako au kaka zako ambao hawako tayari, waache. Kila mmoja alikuwa na umri wake na chumba chake katika nyumba ile.

Hatua ya 6: Kumtafuta mzazi uliyemkataa

Jibu kwanza maswali matatu kwa maandishi. Nataka nini: majibu, uhusiano, au kumwona tu? Akinyamaza, nitaweza? Siku ile nikirudi, nani atakuwa nami?

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi. Usiombe radhi kwa miaka yote, usilaumu, usiulize maswali ya zamani. Kama:

"Shikamoo Baba. Ni mimi (jina lako). Muda mrefu umepita. Nimekuwa nikiyawaza mambo ya nyuma na ningependa tuongee, taratibu. Si lazima ujibu leo. Namba yangu ni hii."

Ukimya unaweza kumaanisha mengi: namba imebadilika, ameogopa, mwenzi wake hajui kama upo, au jeraha lake halijapona. Subiri wiki kadhaa, jaribu mara moja tena, kisha acha mlango wazi na uendelee na maisha yako.

Akijibu, kutaneni mahali penye watu, saa moja au mbili tu, hata kama mnatamani kukesha. Zungumzeni ya sasa: kazi, afya, anakoishi. Jiandae kwa jambo ambalo hakuna aliyeniambia: kichwani mwake, mtu anayekuja kukutana naye bado ni yule mtoto aliyemwacha. Baba yangu alinijia na boksi la penseli za rangi. Nilikuwa na miaka 33. Aliliweka mezani, akalisukuma kwangu kwa vidole viwili, akaona alichokifanya, akataka kulirudisha kwenye mfuko. Nilimshika mkono. Hatukuongea lolote la maana siku ile, na ilitosha.

Wengine huja na faili. Wamesubiri miaka 20 kujitetea, wanataka usome barua zote papo hapo. Waambie: "Baba, hayo nitayasikia yote, ila si leo." Na akianza kumponda mama yako, mpe mpaka uleule uliompa mama, neno kwa neno. Utakuwa umeona jinsi ilivyo rahisi kujazwa upya, safari hii kutoka upande wa pili.

Inawezekana pia ukagundua kwamba ni mtu mgumu, mbinafsi, asiyeuliza hata una watoto wangapi. Basi chagua umbali: simu ya sikukuu tu, au hata hiyo hapana. Sasa utakuwa umeamua kwa kumjua.

Kama ameshafariki, nenda kwa watu wake. Usiwaulize nani alikosea. Waulize alikuwa anachekeshwa na nini, alitembeaje, alilitajaje jina lako. Omba picha moja. Ukiweza, fika kaburini. Wapo waliogundua huko kwamba picha yao ya shule ilikaa kwenye pochi ya marehemu mpaka mwisho. Wapo ambao hawakukuta chochote. Hao wa pili wanahitaji mtu wa kukaa nao jioni ile.

Hatua ya 7: Mshauri

Ukiweza kumpata mwanasaikolojia au mshauri nasaha, mpate mapema, hasa kabla ya hatua ya 5. Muulize kama amewahi kufanya kazi na watu wazima waliokulia kwenye migogoro ya talaka. Anayejua nani mkosaji katika kikao cha kwanza, kabla hajakusikia ukimaliza, mshukuru na umtafute mwingine.

Hatua ya 8: Nyumba yako mwenyewe

Mwambie mwenzi wako unachokifuatilia kwenye daftari. Ugomvi ukipanda na ukasikia ile hamu ya kukata, sema kwa sauti: "Nimekasirika, naenda kutembea, nitarudi baada ya saa moja." Kisha rudi saa hiyohiyo. Kurejea baada ya kukasirika ni jambo ambalo wengi wetu hatukuliona likifanyika.

Na kama ndoa yako nayo imevunjika na mna watoto, shikilia Ibara ya 9 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989: mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kuwa na uhusiano na kuonana mara kwa mara na wazazi wote wawili, isipokuwa pale inapokwenda kinyume na maslahi yake. Haki hiyo ni ya mtoto. Wewe na mzazi mwenzako mnaisimamia tu.

Itakuja siku mtoto anarudi kutoka kwa mzazi mwenzako jioni, begi mgongoni, uso unang'aa, anasema, "Leo ilikuwa siku nzuri kuliko zote!" Koo litakubana. Atakutazama usoni kabla hajaendelea, kama ulivyokuwa ukitazama wewe. Vuta pumzi, piga magoti umsaidie kuvua begi, umwambie, "Nimefurahi kusikia. Haya, mlicheza nini?" Kisha umsikilize mpaka amalize.